Mtoto mwenye kifafa na gemu ya mkononi: tuulize kabla ya kukataza

Kwa muda mrefu wazazi wanaoleta watoto wao kliniki ya kifafa katika bonde la Kilombero wamekuwa na maswali matatu. Je, ugonjwa huu utakwisha? Mtoto aendelee na shule? Siku moja ataweza kuwa na familia yake? Katika miaka ya karibuni limeongezeka swali la nne, ambalo walimu wetu wa udaktari hawakutuandaa kulijibu: "Daktari, nimnyang'anye simu? Anacheza gemu mchana kutwa."

Mara nyingi mhudumu wa afya hujibu papo hapo kwamba anyang'anywe. Jibu hilo lina sura ya tahadhari, tena halimgharimu chochote anayelitoa. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba, kwa walio wengi kati ya watoto wetu wenye kifafa, jibu hilo halina msingi wa kitabibu na lina madhara yake. Wapo wachache ambao kweli mwanga wa kioo unaweza kuwaangusha, na hao tuna wajibu wa kuwatambua. Lakini hatuwezi kuwatambua kwa kumkataza kila mtoto. Tutawatambua kwa kuuliza.

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya miji mikubwa tu. Ifakara leo gemu huchezwa jioni kwenye simu janja ya baba, kwenye vibanda ambamo vijana hulipia kila mechi ya mpira wa kwenye kioo, na kwenye vifaa vidogo vya betri vinavyouzwa dukani pamoja na tochi na redio. Tangu daraja la Magufuli lilipofunguliwa mwaka 2018 na kuchukua nafasi ya kivuko juu ya Mto Kilombero, kitu kilichonunuliwa sokoni Ifakara asubuhi kinaweza kuwa Lupiro au Mahenge kabla ya jua kuzama. Gemu nazo zimevuka mto kwa njia hiyo hiyo.

Ili nisizungumzie kitu ninachokijua kwa kusikia tu, nilipokuwa Nairobi kwa mkutano wa kitaaluma nilitenga alasiri moja kwenda kwenye tamasha la michezo ya kompyuta. Kwenye meza moja kilikuwapo kifaa kipya cha gemu cha mkononi, na foleni ya kukijaribu ilikuwa ndefu kuliko ya wagonjwa wangu wa Jumatatu. Nilisimama kati ya vijana ambao kwa umri wangeweza kuwa wanangu, nikasubiri zamu yangu.

Kifaa chenyewe kilikuwa chepesi kuliko nilivyotarajia. Kioo kilikuwa na upana wa kama viganja viwili. Kila upande palikuwa na kijiti kifupi cha kusukumwa kwa kidole gumba, na nyuma palikuwa na vitufe ambavyo vidole vya shahada vilivikuta bila kutafuta. Gari langu lilipogonga ukingo wa barabara, kifaa kizima kilitetemeka mikononi mwangu. Ukoo wa vifaa hivi ni mrefu. Game Boy ilitoka mwaka 1989 ikiwa na kioo kisicho na rangi wala taa yake, Nintendo Switch ikafuata mwaka 2017, na Steam Deck mwaka 2022. Anayeshika cha leo baada ya kukumbuka cha enzi za shule yake anaelewa upesi kwa nini mtoto hataki kukiachia.

Kilichonishughulisha zaidi kilitokea kabla ya mchezo kuanza. Kioo kiligeuka cheusi, yakatokea maandishi meupe ya Kiingereza. Yalieleza kwamba baadhi ya watu wanaweza kupata mshtuko wa kifafa kutokana na mwanga unaomulikamulika, hata wale ambao hawajawahi kuugua. Nilikuwa bado kwenye mstari wa pili pale kijana aliyesimamia meza, akiwa ameisoma beji ya mkutano iliyokuwa shingoni mwangu, alipoinama kwa adabu na kuniambia, "Bonyeza tu hapo, Daktari. Hiyo huwa haisomwi."

Alisema kweli. Wote niliowaona wakitangulia walibonyeza bila kusoma. Watengenezaji walianza kuweka ilani za namna hiyo miaka ya 1990, lakini ilani isiyosomwa haimlindi mtu, na iliyoandikwa kwa lugha ambayo mama wa Mlimba au Malinyi haitumii nyumbani kwake haimsaidii hata akiisoma. Matokeo yake ni kwamba ilani hiyo hutufikia ikiwa uvumi: "Gemu zinaleta kifafa." Basi tuiangalie hoja yenyewe kwa utulivu.

Mwanga unaofika kwenye jicho hupelekwa sehemu ya nyuma ya ubongo, upande wa kisogo. Kwa watu wengi, mwanga ukiwaka na kuzima haraka, seli za sehemu hiyo huufuata kisha hutulia. Kwa watu wachache seli hizo hushindwa kujizuia. Hulipuka kwa pamoja, na mlipuko huo ukisambaa, mtu hupata mshtuko wa kifafa. Mwanga wenye hatari kubwa ni ule unaowaka kati ya mara 15 na 25 kwa sekunde, ingawa wapo wanaoathiriwa na ule wa polepole au wa haraka zaidi. Rangi nyekundu iliyokolea huongeza hatari, na mistari myeupe na myeusi iliyopangwa kwa karibu nayo huweza kufanya hivyo. Kwa sababu hiyo mwongozo wa kimataifa wa kutengeneza kurasa za intaneti unataka kitu kisimulike zaidi ya mara 3 kwa sekunde.

Mfano mashuhuri ulitokea Japani tarehe 16 Desemba 1997. Sehemu moja ya katuni ya Pokémon iliyorushwa na televisheni ilikuwa na mwanga mwekundu na wa buluu uliopishana takribani mara 12 kwa sekunde. Usiku huo watoto wapatao 685 walikimbizwa hospitali, na wengi wao hawakuwa na historia ya kifafa. Kwa hiyo hatari ipo, na anayeikana anakosea.

Sasa tuitazame hatari hiyo kwa ukubwa wake halisi. Kati ya watu 100 wenye kifafa, wanaoathiriwa na mwanga wa kumulikamulika ni takribani 3. Wengi wao ni watoto wakubwa na vijana, nao huwa na aina fulani za kifafa zinazojulikana. Watu 97 waliobaki wanaweza kutazama televisheni, kupanda gari linalopita katikati ya miti jua likiwa linachomoza, na kucheza gemu, bila mwanga huo kuwaangusha.

Tena ukubwa wa kioo na umbali wake una maana. Kadiri mwanga unavyojaza upeo wa macho, ndivyo unavyogusa sehemu kubwa ya ubongo. Kioo kidogo kilichoshikwa kwa mkono ulionyooka, mahali penye mwanga wa kutosha, kina hatari ndogo kuliko televisheni kubwa inayotazamwa kwa karibu ndani ya chumba chenye giza. Zile televisheni za kichogo tulizokulia nazo kwenye vibanda umiza, tukiwa tumeketi chini mbele kabisa ili tusikose goli, zilikuwa mbaya zaidi kwa jambo hili, kwa kuwa kioo chake chenyewe kilikuwa kikimeta muda wote hata kama macho hayakutambua. Vioo vya sasa havimeti namna hiyo. Hatari iliyobaki imo katika picha zinazooneshwa: milipuko, radi, taa za disko.

Mzazi atauliza: mbona wangu alianguka akiwa ameshika simu? Hapa nawaomba wazazi na wahudumu wenzangu tufanye hesabu ndogo. Mtoto aliye macho saa 16 kwa siku, na kati ya hizo anacheza gemu saa 4, anatumia robo ya mchana wake mbele ya kioo. Hata kama gemu haina kosa lolote, robo ya mishtuko yake ya mchana itamkuta amelishika. Tungemwona ameshika jembe kwa saa 4, tusingesema jembe linaleta kifafa. Kinachothibitisha kitu ni mpangilio wa matukio: je, mishtuko hutokea mbele ya kioo kwa wingi kupita kiasi, na hutokea sekunde ile ile picha inapomulikamulika? Bila kuuliza hivyo, tunahukumu kwa kukutana tu.

Kuna njia nyingine ambayo gemu huleta mshtuko, nayo haihusiani na mwanga. Kijana anayecheza hadi saa nane usiku hukosa usingizi, na kukosa usingizi ni kichocheo kikubwa cha mishtuko kwa watu wengi wenye kifafa. Akilala bila kumeza kidonge cha usiku kwa sababu mchezo ulinoga, hatari huwa maradufu. Katika hali hiyo tiba ni saa ya kulala na kidonge. Gemu ikichezwa saa kumi jioni, kidonge kikamezwa na taa ikazimwa mapema, sababu hiyo inaondoka.

Kwa nini nalisema jambo hili hapa, kwa msisitizo huu? Kwa sababu ya historia ya eneo letu. Milima ya Mahenge, upande wa pili wa bonde, ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazojulikana kwa wingi wa kifafa. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa huko mwaka 1960, akaandika juu ya ugonjwa huo miongoni mwa Wapogoro. Alieleza pia watoto ambao wenyeji walisema "amesinzia kichwa", hali ambayo miongo kadhaa baadaye ilikuja kutambuliwa katika nchi nyingine za Afrika kama ugonjwa wa kutikisa kichwa. Tafiti za karibuni zimehusisha sehemu ya mzigo huo na usubi, ugonjwa unaoletwa na inzi weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Ndiyo maana kumeza ivamektini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Mectizan, kila inapogawiwa kijijini ni sehemu ya kupambana na kifafa. Sababu nyingine tunazijua: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, majeraha ya kichwa, na minyoo ya tegu la nguruwe inapoingia kwenye ubongo. Gemu haimo katika orodha hii. Inaweza kuchochea mshtuko kwa mtu ambaye ubongo wake tayari una udhaifu huo, lakini haipandi ugonjwa.

Jilek-Aall aliandika pia jambo jingine ambalo wazee wa eneo hili wanalikumbuka. Watu waliogopa kumgusa aliyeanguka, wakiamini kwamba kifafa huambukiza kwa mate na uchafu unaomtoka. Kwa hofu hiyo, aliyeangukia kwenye moto hakuvutwa upesi. Makovu ya moto ya wagonjwa wetu yana maelezo mawili: mshtuko wenyewe, na sekunde ambazo waliokuwa karibu walisita.

Hofu hiyo haijaisha, imebadilisha mahali tu. Aliletwa kwangu kijana wa miaka 14 kutoka ng'ambo ya mto. Mjomba wake alikuwa amemkataza simu kwa sababu "ndiyo iliyomletea kuanguka". Nilipouliza, mama alieleza kwamba mtoto alianza kuanguka akiwa na miaka 8, wakati nyumba yao haikuwa na simu janja. Nilipouliza zaidi, ilijulikana kwamba simu ilikuwa ya rafiki, na wenzake walikuwa wamekwisha kumtoa kwenye zamu kabla ya mjomba kumkataza, wakidai kwamba akidondosha mate kwenye kioo wote watapata kifafa. Katazo la mjomba lilikuja kuthibitisha lile la watoto. Na mishtuko ilizidi mwezi gani? Mwezi ambao familia ilihamia shambani kulima mpunga, ikalala kwenye dungu mbali na zahanati, dawa zikaisha, wala hapakuwa na wa kurudi kuzichukua.

Katika maelezo ya familia hiyo simu ilitajwa mara nyingi, lakini dawa hazikutajwa hadi nilipouliza. Hii ndiyo hasara kubwa ya jibu la haraka. Tukishakubali kwamba mkosaji ni gemu, hatumtafuti mkosaji mwingine. Mzazi anarudi nyumbani akiwa ameridhika kwamba amefanya jambo, na chupa ya vidonge inabaki tupu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi 70 kati ya kila 100 wangeweza kuishi bila mishtuko kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Katika nchi zenye kipato kidogo, takribani robo tatu ya wagonjwa hawapati matibabu wanayohitaji. Tukipima hatari za mtoto wetu kwa uzito wake, kukatika kwa dawa kunatangulia. Mwenye kifafa akiacha fenobabitoni ghafla anaweza kupata mishtuko mfululizo isiyokoma, na hiyo huua. Ifuatayo ni moto wa mafiga, kisha mto, kisima na mtumbwi, kisha mti wa mwembe. Mwanga wa gemu uko chini sana katika orodha hii, isipokuwa kwa wale 3 kati ya 100.

Kuwapata hao watatu ni kazi yetu wahudumu wa afya. Hospitali kubwa zina kipimo cha umeme wa ubongo ambacho mgonjwa humulikiwa taa kwa utaratibu ili kuona ubongo unavyoitikia. Zahanati haina kipimo hicho, lakini maswali manne mazuri yanaweza kutusogeza karibu sana na ukweli.

La kwanza: mishtuko ilianza kabla au baada ya mtoto kuanza kucheza gemu? La pili: katika mishtuko mitano ya mwisho, mingapi ilitokea mbele ya kioo, na picha zilikuwa zikimulika wakati huo? La tatu: je, asubuhi anapoamka mikono hushtuka kiasi kwamba kikombe cha chai humponyoka, au hupata hali ya ajabu mwanga wa jua unapokatwakatwa na miti akiwa kwenye bodaboda, au taa inapokatwakatwa na mapanga ya feni? La nne: usiku uliotangulia alilala saa ngapi, na dawa alimeza?

Majibu ya swali la pili na la tatu yakielekea kwenye mwanga, mpe rufaa aonwe na daktari mwenye uzoefu wa kifafa, na katika kipindi cha kusubiri asicheze gemu zenye milipuko na taa. Tukumbuke pia kwamba kabamazepini, dawa nzuri kwa aina nyingi za kifafa, inaweza kuzidisha kule kushtuka kwa mikono kwa asubuhi. Valproeti husaidia sana katika aina hiyo, lakini haifai kuandikwa kwa wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba ikiwa ipo dawa nyingine ya kuwafaa, kwa kuwa humdhuru mtoto aliye tumboni. Majibu yakielekea kwenye dawa au usingizi, shughulikia hayo, na mwachie mtoto mchezo wake.

Swali la nne linatudai utaratibu mmoja zaidi. Sote tunajua mvua za kilimo huja lini na familia huhamia lini mashambani. Mgonjwa aliyetulia apewe mapema dawa za kumtosha kipindi hicho, kabla njia hazijaharibika. Jambo hili dogo litazuia mishtuko mingi kuliko kunyang'anya simu zote za wilaya.

Kwa wazazi na vijana wenyewe, nashauri hivi. Cheza mahali penye mwanga, mkono umeunyoosha, mwanga wa kioo umeupunguza. Pumzika kila baada ya muda, na usicheze ukiwa umekosa usingizi, ukiwa na homa, au ukiwa hujameza dawa. Usicheze ukingoni mwa mto, juu ya mti wala karibu na jiko. Picha zikianza kumulika nawe ukajisikia vibaya, ziba jicho moja kabisa kwa kiganja kisha geuza uso. Kufumba macho yote mawili ghafla hakusaidii, kwa sababu mwanga hupenya kwenye kope na huweza kuzidisha tatizo. Ukiwa peke yako, usijifungie chumbani kwa komeo.

Wapo wenzangu watakaosema kwamba katika mazingira yetu, ambapo vipimo ni haba na muda wa kliniki ni mfupi, ni salama zaidi kukataza kwa wote. Naiheshimu hoja hiyo, kwa kuwa inatokana na kuwajali wagonjwa. Lakini katazo nalo ni dawa, na kila dawa ina madhara yake. Mtoto mwenye kifafa tayari amekatazwa kuogelea, kupanda mti, kuchunga ng'ombe peke yake, kusogelea moto. Makatazo hayo yana sababu, maana kuanguka majini kunaua. Wengine wamekatazwa shule, ambako hakukuwa na sababu. Kila katazo lisilo na sababu hupunguza imani ya familia kwa yale yenye sababu, na humwondoa mtoto hatua moja zaidi kutoka kwa wenzake. Gemu iliyoshikwa ameketi mkekani ni mmoja wa michezo michache ambayo anaweza kuicheza sawa na mwingine yeyote bila hatari ya kuumia. Kumwondolea huo kunahitaji sababu nzuri kuliko wasiwasi wetu.

Wenye vibanda vya gemu nao wanaweza kusaidia. Kwa kuwa ilani ya kwenye kioo haisomwi, tuiandike kwa Kiswahili tuibandike ukutani, ambako kijana anayesubiri zamu hana budi kuitazama. Kituo cha afya chochote kinaweza kuyanakili maneno haya:

"Michezo mingine ina mwanga wa kumulikamulika. Watu wachache wanaweza kupata mshtuko wa kifafa kwa sababu yake. Ukijisikia kizunguzungu, mkono ukishtuka, au ukiona mambo yasiyo ya kawaida, ziba jicho moja, geuka, acha kucheza, umwambie mtu. Mwenzako akianguka: ondoa vitu vya kumuumiza, mlaze kwa ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa. Usimtie kitu mdomoni, usimzuie kwa nguvu, usimnusishe kiberiti wala kitunguu. Tazama saa. Mshtuko ukizidi dakika 5, au ukirudia kabla hajazinduka, mpelekeni kituo cha afya. Kaa naye mpaka azinduke. Kifafa hakiambukizi."

Sentensi ya mwisho ya bango hilo ndiyo ambayo ningependa isomwe kwa sauti, mashuleni na kwenye mikutano ya vijiji, kuanzia Kidatu hadi Mlimba, na kutoka Lupiro hadi vijiji vya mwisho vya milimani. Kifafa hakiambukizi kwa mate, kwa mkono, wala kwa simu iliyopita mikononi mwa watoto kumi. Mtoto akiwa amemeza dawa, amelala vya kutosha, na tumemuuliza maswali manne tukaridhika na majibu, mpeni zamu yake.